Robo ya Kijiti Si Robo ya Maji

Ukitaka kumwona Mwalimu Kwa Nini akisahihisha kazi za wanafunzi, usihangaike kwenda shuleni, na nyumbani kwake pia utapoteza nauli yako bure. Subiri Jumamosi asubuhi, uende kwa kinyozi. Kinyozi mwenyewe ni mume wake. Duka lao lina viti viwili vya kunyolea, kimoja kizima na kimoja kilichoteguka mguu ambacho hukaliwa na watoto tu, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na feni ya mezani inayogeuza shingo taratibu kisha inasita upande wa kushoto, kana kwamba kuna jambo imelikumbuka. Chini ya dirisha kuna benchi la wateja. Mwisho wa benchi, pale penye mwanga mzuri, mwalimu huweka rundo la miradi ya hisabati, kalamu nyekundu na chupa ya chai, na hapo haondoki mpaka adhuhuri.

Watu wapya humshangaa. Wenyeji wanajua sababu yake.

Darasa lake la mwisho linatakiwa kila mwaka kufanya mradi wa hisabati. Kila mwanafunzi anachagua kitu anachokiona kwa macho yake, anakipima, anakipiga hesabu, kisha anaandika alichokigundua. Alama za mradi zinaingia kwenye matokeo ya mwisho, kwa hiyo si mchezo. Kumi ni za hoja, yaani mwanafunzi ameonyesha kwa nini jibu lake ni kweli. Kumi nyingine ni za kueleza, yaani mtu mwingine akisoma anaelewa. Sasa hizi za kueleza ndizo zilizomnyima raha mwalimu miaka ya mwanzo. Mtu anayejua hisabati akisoma hisabati, ataelewaje kama asiyeijua angeelewa? Alisumbuka nalo hilo mpaka siku moja akamletea mume wake chakula dukani, akamkuta mteja amefungwa shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Akamtazama. Yule mtu hakuwa na pa kukimbilia.

Tangu hapo ndiyo ikawa mtindo. Mwalimu anasoma mradi kwa sauti, mteja anasikiliza, mashine inanguruma. Mteja akiweza kurudia kwa maneno yake mwenyewe, alama za kueleza zinapanda. Akisinzia, zinashuka. Wapo wanaokuja Jumamosi makusudi kwa ajili ya miradi, na wapo waliohamia Ijumaa na hawataki hata kusikia. Muuza nguo mmoja alibishana na mradi uliohusu watu wanaocheza bahati nasibu ya namba hadi akageuza kichwa ghafla, mashine ikapita, akatoka na unyusi mmoja. Alivaa kofia mpaka machoni kwa majuma, lakini hadi leo anashikilia kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Jina la Kwa Nini alipewa na wanafunzi, maana neno hilo halimtoki mdomoni. Ukimwambia mbili na mbili ni nne, atakuuliza kwa nini. Ukimwambia umechelewa, umeumwa, umesahau, ni hilo hilo. Mwanawe wa mwisho, hata kabla hajajua kuomba maji vizuri, alishajua kuanza na "kwa sababu". Kinyozi naye huwaambia wateja kwamba siku alipoomba kumuoa, mwanamke alimuuliza kwa nini, na kwamba miaka yote waliyoishi pamoja yeye bado anatafuta jibu la kuridhisha. Mwalimu akisikia hivyo humtupia kitambaa cha mabega.

Basi mwaka ule kulikuwa na msichana mmoja darasani, walimu wakimwita Bi Mkato. Alikuwa na akili kali kama nini, lakini maneno aliyatoa kwa ubahili usiosemeka. Ukimuuliza swali la kueleza, atakujibu kwa neno moja, kisha anakutazama kwa upole akisubiri neno hilo likufae. Walimu wengine jambo hilo liliwaudhi. Mwalimu Kwa Nini alimpenda sana, na acha nikwambie ukweli, alimpenda kupita kiasi. Kila Bi Mkato alipoanza sentensi na kuikatiza katikati, mwalimu aliimalizia. Msichana alisema "kwa sababu ya pembe," mwalimu akadaka hapo hapo, akaligeukia darasa, akafafanua dakika nzima kile ambacho mwenzao alitaka kusema. Msichana alikaa. Darasa liliandika. Kila mtu aliridhika.

Mradi wa Bi Mkato ulihusu tangi la maji la shule. Tangi lile ni pipa refu la mviringo lililolazwa ubavu juu ya matofali nyuma ya jiko. Mlinzi ndiye aliyekuwa akipima maji. Alikuwa na kijiti amekichora alama, nusu na robo, anakitumbukiza kwa juu, anakitoa, anasoma pale palipolowa, kisha anampigia kelele mpishi: imebaki robo. Mpishi akishasikia robo anapanga mapishi yake na vyombo vyake vya kuosha. Na kila mara maji yalikatika kabla ya wakati wake, mpishi akatoka na mwiko mkononi kumwita mlinzi mwongo, mlinzi akamletea kijiti chenyewe kama shahidi. Ugomvi wao ulikuwa burudani ya shule nzima. Bi Mkato peke yake ndiye aliyekwenda akalitazama tangi badala ya kuwatazama wao.

Mradi wake ulikuwa mfupi kuliko barua ya ruhusa ya kwenda hospitali. Ulikuwa na vipimo vya tangi, mistari michache ya hesabu iliyorukaruka, mchoro wa duara lenye pembetatu ndani yake bila hata herufi moja, na hitimisho: "Robo ya kijiti si robo ya maji. Ni chini kidogo ya moja ya tano. Tazama mchoro." Basi. Hata nukta ya mwisho aliiweka kama anayeombwa kitu chake.

Mwalimu aliusoma mradi huo dukani, na aliyekuwa kitini ni dereva wa lori, mtu mnene, mcheshi, shingo yake ina mikunjo ambayo kinyozi huilalamikia kila akija. Aliposikia habari za tangi, dereva alicheka. Alisema hilo analijua siku nyingi, hata mafuta ya lori lake yakifika robo anaanza kutafuta kituo mapema, kwani robo ya chini haina uaminifu. Mwalimu akamuuliza kwa nini. Dereva akafikiri, akasema ndivyo lilivyo.

Hapo mwalimu akawashwa. Akachukua kitana, akasogea mbele ya kioo chenye mvuke wa chai, akachora duara kwa ncha ya kitana, akachora uso wa maji, akatoa mistari kutoka kitovu hadi kwenye kingo za maji, akaleta pembe, akaonyesha kwamba pembe hiyo inakata theluthi ya duara, akatoa pembetatu ya juu, akabakisha maji. Aliongea kwa raha, kitana kikienda huku na huku. Dereva akaelewa, tena vizuri, akarudia yote bila kukosea. Mwalimu akarudi kwenye benchi anang'aa, akashika kalamu nyekundu. Hoja: tisa. Kueleza: nane.

Kinyozi alikuwa akifuta shingo ya dereva kwa brashi. Akauliza, bila kugeuka:

"Mama watoto, hapo aliyekuwa anaeleza ni huyo binti au ni wewe?"

Mwalimu akamwambia anyoe watu aache hisabati. Wakacheka wote watatu, na dereva akaondoka zake akiwa na kichwa safi na elimu mpya.

Wiki mbili baadaye akaja mhakiki. Huyu ni mtu anayetumwa kupita shule hadi shule kuhakiki alama ambazo walimu wamewapa wanafunzi wao, maana mwalimu ni binadamu, na binadamu huwapendelea wake. Mhakiki huchagua miradi michache, anaisoma kama mgeni, anaipa alama zake mwenyewe, kisha analinganisha. Alama zikikaribiana, anasaini na kwenda. Zikipishana sana, hata kwa mradi mmoja tu, anaweza kusema mwalimu huyu mkono wake ni mlaini, na akapunguza alama za darasa zima. Yaani mtoto aliyehangaika mpaka macho yakamtoka anakatwa kwa sababu ya mradi wa mwenzake. Ndiyo sheria, na kulia hakuibadilishi.

Mhakiki wa mwaka ule alikuwa bwana mwembamba, suruali ameifunga juu kabisa karibu na mbavu, sauti yake ya chini kiasi kwamba unalazimika kumsogelea. Walimpa chumba cha kuhifadhia ramani, meza moja, viti vitatu, na chai. Akasoma asubuhi nzima. Mwalimu Kwa Nini alipita mbele ya mlango ule mara nyingi kuliko inavyofaa, kila mara akijifanya anakwenda chooni.

Alipoitwa, alikuta miradi imepangwa katika mafungu mawili. Fungu kubwa, mhakiki akasema, halina tatizo. Tena akamsifu. Akasema ameona pembeni maandishi mekundu kama "msikilizaji amepotea hapa" na "msikilizaji amesinzia", na kwamba hajapata kuona mwalimu mkali namna hii upande wa kueleza, akamuuliza huyo msikilizaji ni nani. Mwalimu akajibu ni watu mbalimbali, hakutaka kuingia kwenye habari za vichwa nusu. Fungu la pili lilikuwa na mradi mmoja tu.

Mhakiki akausukuma mbele yake. Hoja ameipa mbili. Kueleza, tatu.

Mwalimu akaivuta karatasi karibu. Akaanza kueleza papo hapo: kwamba ukitazama mchoro, huu mstari wa chini ni uso wa maji, na pembe hapa katikati ni theluthi ya duara, na ukitoa pembetatu... Mhakiki alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa. Kisha akauliza theluthi hiyo imeandikwa wapi. Mwalimu akageuza karatasi. Akageuza tena. Akavaa miwani, akavua. Theluthi haikuwepo. Pembe haikuwepo. Mistari ya kutoka kitovuni haikuwepo, hata kwa penseli iliyofutwa. Na yeye angeapa mbele ya mtu yeyote kwamba aliiona.

Jamani, hilo ni kosa ambalo huwezi kulifanya kama si mwalimu. Mtu wa kawaida akikuta pengo anasimama. Mwalimu aliyemlea mtoto miaka minne akikuta pengo analijaza bila kujua, kwa matofali yake mwenyewe, kisha anasifia ukuta.

Mhakiki hakuwa mtu mbaya. Alisema kanuni inamruhusu kumwita mwanafunzi na kumsikiliza kwa mdomo kabla ya kuamua. Kama hoja ipo kichwani mwake, itahesabiwa. Kama haipo, darasa zima litapunguzwa, na yeye hatakuwa na la kufanya. Mwalimu anaweza kukaa humo chumbani, ila asitie neno, asitie ishara, asikohoe hata kidogo.

Mwalimu Kwa Nini anajijua. Kumwambia yeye akae kimya wakati Bi Mkato anakatiza sentensi ni kumwambia mama asimshike mtoto anayejikwaa. Akaenda chumba cha walimu, akafungua kopo la peremende la mwalimu wa jiografia, akachagua ile kubwa kuliko zote, ngumu, ya mviringo, akaitia mdomoni. Shavu likatuna. Akarudi, akaketi kwenye kiti cha ukutani chini ya ramani, mikono ameikalia.

Bi Mkato akaingia, akasalimia, akakaa. Mhakiki akamuuliza kwa nini robo ya kijiti si robo ya maji.

"Kwa sababu ya umbo," akasema Bi Mkato, na akanyamaza.

Peremende ikagonga meno. Mwalimu alikuwa na sentensi nzima tayari, imejipanga nyuma ya ile peremende inasukumana kutoka. Akafikiria wale wengine wote nje, kuna kijana aliyepima kivuli cha mlingoti wa bendera mpaka akaungua jua shingo, kuna wasichana wawili waliohesabu foleni ya bombani kwa mwezi mzima, na alama zao zote sasa zinaning'inia kwenye mdomo wa mtoto mmoja mbahili wa maneno. Akajikaza. Akakalia mikono yake kwa nguvu zaidi.

Msichana alikuwa ameshageuka kumtazama, kwa mazoea tu, akisubiri amaliziwe. Akaona shavu limetuna na macho yamemtoka.

"Mimi sijaelewa," mhakiki akasema kwa ile sauti yake ya chini.

Sasa, hilo ni neno dogo. Lakini Bi Mkato alimtazama yule bwana kama mtu aliyesikia habari mpya kabisa. Miaka minne yote hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Wengine walimwambia ongea, wengine walimwambia andika zaidi, na mwalimu wake mpenzi alimwelewa siku zote kabla hajafungua mdomo. Kumbe yupo mtu ambaye haelewi, na amekaa mbele yake anasubiri, na wala hajakasirika.

Akaomba karatasi. Akachukua kisahani cha kikombe cha chai cha mhakiki, akakigeuza juu ya karatasi, akazungusha penseli, kisha akachana duara hilo kwa kucha taratibu, ulimi umetoka pembeni. Akalikunja nusu, akalikunja tena, akalifungua, akaonyesha kitovu pale mikunjo ilipokutana. Na akaanza kusema.

Akasema hili duara ni tangi, ukilitazama kwa mbele. Hapa chini ndipo tako lake. Akakunja tako hilo mpaka likagusa kitovu. "Mkunjo huu uko katikati ya tako na kitovu. Kwa hiyo ndipo uso wa maji ulipo kijiti kikisema robo. Na kipande hiki nilichokikunja ndiyo maji yenyewe."

Mhakiki akasogeza kiti mbele.

Akakunja mara ya pili, akianzia pale mkunjo wa kwanza ulipoishia, ukingo ukagusa kitovu vilevile. Akakunja mara ya tatu. Karatasi ikawa pembetatu, pande zote sawa, safi, bila rula wala kikokotoo. Akaifungua tena akawaonyesha: vipande vitatu vilivyolingana, na pembetatu katikati. Vinne jumla. Kisha akakunja kipande kimoja tu, akakilaza juu ya pembetatu.

"Kimeingia chote na hakijaimaliza. Pembetatu bado inaonekana huku na huku. Basi kipande ni kidogo kuliko pembetatu. Kama vyote vinne vingekuwa sawa, kila kimoja kingekuwa robo. Lakini vitatu ni vidogo na kimoja ni kikubwa. Kwa hiyo kile kidogo hakiwezi kuwa robo. Hata ufanyeje."

Yale yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema muhula mzima. Mhakiki akauliza ile moja ya tano aliipata wapi, na msichana akaeleza kwamba alikokotoa eneo la pembetatu, akalitoa kwenye duara, akagawa kwa tatu, ndiyo ile mistari ya hesabu. Kisha akaongeza bila kuulizwa kwamba hesabu ilimwambia ni kiasi gani, lakini kwa nini, alikuwa ameshajua kwenye karatasi.

Mwalimu Kwa Nini alikuwa ameganda chini ya ramani. Furaha ilimpanda mpaka kooni, na nyuma ya furaha ikaja aibu, zikakutana hapo kwenye peremende. Hakuna pembe. Hakuna theluthi. Ile pembetatu ya kwenye mchoro haikuwa na uhusiano wowote na mistari yake ya kitana. Mtoto alikuwa na njia yake mwenyewe, nzuri, nyepesi, ambayo yeye mwalimu hajawahi kuifikiria maishani mwake, na aliipita juu kwa juu kwa kuwa alikuwa na haraka ya kuielewa.

Mhakiki akamgeukia. Akauliza, na kalamu iko juu ya fomu, kama hii ndiyo hoja aliyoisoma alipotoa tisa.

Hapo ilitosha kuitikia kwa kichwa. Mara moja tu, tena mdomo umejaa peremende, hakuna hata haja ya kusema uongo kwa sauti. Fomu ingesainiwa, bwana angekunywa chai yake, darasa lingepona. Mwalimu akaitema peremende kwenye kiganja.

"Hapana," akasema. "Hii naiona leo. Zile tisa nilijipa mimi. Nilijaza mapengo yake kwa hisabati yangu, nikaisahihisha, nikaiona nzuri."

Bi Mkato akamtazama mwalimu wake. Mhakiki naye akamtazama, kisha akatazama ile peremende, na pembe za mdomo wake zikacheza kidogo. Akasema basi atalazimika kusoma miradi mingine zaidi aone kama tabia hiyo imeenea. Akachagua mitano kutoka chini kabisa ya rundo. Walikaa pale, mwalimu na mwanafunzi, wakimsikiliza akigeuza kurasa. Kwenye mmoja mwalimu alikuwa ameandika "hapa hata mimi nimejua anachotaka kusema, lakini hajasema", na akakata alama mbili. Kwenye mwingine: "msikilizaji ameuliza swali hili, na karatasi haina jibu." Wateja wa mume wake walimtetea bila kujua, mmoja mmoja, na vichwa vyao nusu.

Mhakiki akafunga rundo. Akasema ugonjwa ni wa mtu mmoja, haujaambukiza. Hoja ya Bi Mkato akaipa kumi, moja zaidi ya mwalimu wake. Kueleza akaiacha tatu pale pale, maana karatasi ndiyo iliyoletwa kusomwa, na karatasi haikusema kitu. Tofauti iliyobaki ikaingia ndani ya kiwango kinachovumiliwa, kwa tundu la sindano, na darasa halikupunguzwa hata nusu alama. Akasaini. Kabla ya kuondoka aliomba lile duara la karatasi, akalitia mfukoni mwa shati, na mlangoni alionekana analitoa tena analikunja.

Mwalimu na Bi Mkato wakatoka pamoja kwenye korido. Nyuma ya jiko mpishi na mlinzi walikuwa wameshaanza yao ya siku hiyo. Mwalimu alitaka kuomba msamaha, lakini msichana akamtangulia.

"Mwalimu, kumbe na wewe hukuelewa?"

"Sikuelewa, mwanangu."

Bi Mkato akatembea hatua chache, anafikiri. Hakuwa na kinyongo, alikuwa anataka kujua tu.

"Sasa mbona hukuniuliza kwa nini?"

Mwalimu Kwa Nini akasimama. Miaka yote ile, darasa baada ya darasa, alimuuliza kila kiumbe, mume, watoto, muuza nguo, dereva wa lori. Huyu mmoja hakuwahi kumuuliza, na ndiye aliyempenda kuliko wote. Akamshika msichana begani.

"Nilidhani nakujua," akasema.

Jumamosi iliyofuata alimsimulia mume wake kisa chote, na alipofika pale pa "nilijipa mimi", kinyozi alizima mashine kabisa ili acheke vizuri, mteja akiwa na mstari mmoja tu katikati ya kichwa. Mwalimu alimwacha acheke. Alikuwa na haki yake.

Dereva wa lori alirudi mwezi ulipokwisha, shingo yake imeota nywele vilevile. Akafungwa shuka. Akamkuta Bi Mkato kwenye benchi, ameandika upya mradi wake wote, si kwa alama, alama zilishafungwa, bali kwa sababu mpishi na mlinzi wameomba usomwe mbele yao na wao waelewe. Alitaka kuujaribu kwanza. Akausoma kwa sauti, akasimama mahali, akamtazama dereva, akamuuliza kama ameelewa. Dereva akasema hapo ameachwa nyuma kidogo. Bi Mkato akachukua penseli, akaongeza mstari, akaanza tena.

Na kwenye rafu ya kinyozi, kati ya vitana na chupa ya spiriti, sasa kuna kopo la peremende ngumu. Wateja hawapewi, hata watoto wakilia. Ni za mtu mmoja tu, yule aliyekaa pembeni ya dirisha siku ile ya dereva, shavu limetuna, mikono ameikalia, anamsikiliza mtoto mpaka mwisho wa sentensi.